Pambizo la Ndani

Halifax, 17 Septemba 2023

Shangazi Léonie mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana sasa baridi inapoanza. Sisi huku hatujambo. Baba amepaka rangi ngazi za nyuma, kisha akazikanyaga kabla hazijakauka, kwa hiyo tutakuwa na alama ya kiatu chake mpaka mwakani. Mama anakusalimu na anashukuru kwa soksi. Na mimi nakushukuru. Zangu nilizivaa Ijumaa ofisini ndani ya viatu vya heshima na hakuna aliyejua.

Nimemaliza mwezi wa nne katika Ofisi ya Tasnifu. Bado niko katika muda wa majaribio hadi Juni. Napokea tasnifu za wanafunzi wa shahada za juu na kuangalia kama zimefuata kanuni: namba za kurasa ziwe mahali pake, picha ziwe na maelezo, pambizo la upande wa kushonea liwe milimita thelathini na nane. Mkuu wangu, Bi. Zwicker, hupima kwa rula ya chuma anayoitoa mfukoni kama daktari. Juzi alimrudisha kijana mmoja aliyesafiri saa tano kuleta kazi yake.

"Zimepungua milimita mbili tu, mama," kijana akasema.

"Hizo mbili ndizo ninazolipwa kuziona," akajibu.

Namwogopa, Shangazi. Mimi humwomba ruhusa hata ya kufungua dirisha.

Najua huna kompyuta na hutaki kusikia habari zake, lakini hili utalielewa kuliko mtu yeyote hapa nyumbani. Wanafunzi wa hisabati hawaandiki tasnifu kama mtu anavyoandika barua. Wanaandika maneno, na katikati ya maneno wanaweka amri za kuiambia mashine: hapa kichwa cha sura, hapa herufi nene, hapa mlinganyo. Mashine inasoma yote na kutoa kurasa zilizopangwa vizuri. Lugha ya amri hizo imenizidi umri na kila mtu anaiheshimu, ila ni ngumu. Mabano yamejaa kama miba kwenye samaki. Ukisahau bano moja ukurasa wa tatu, mashine inalalamika kuhusu ukurasa wa tisini. Kiolezo cha chuo chetu, yaani faili la mpangilio ambalo kila mwanafunzi analazimika kulitumia, kimeandikwa kwa lugha hiyo, mistari zaidi ya elfu mbili, na aliyekiandika amestaafu. Hakuna anayethubutu kukigusa. Nimeona mtu mzima akilia mbele ya meza yangu kwa sababu ya orodha ya yaliyomo.

Sasa kuna lugha nyingine, mpya na nyepesi. Kichwa cha sura ni alama ya sawasawa mwanzoni mwa mstari. Neno nene unaliweka kati ya vinyota viwili. Ukurasa unaonekana hapohapo unapoandika, na ukikosea unaambiwa umekosea wapi, kwa maneno ya kistaarabu. Nimeonyeshwa na mwanafunzi anayeitwa Isla Rankin, anayeandika juu ya hesabu za maji kujaa na kupwa katika Ghuba ya Fundy.

Wewe uliwachapia wanahisabati wa mji huu tasnifu zao kwa miaka kumi na sita. Mlifanyaje kabla ya haya yote? Na kwa nini uliacha? Baba anasema ulirudi kumuuguza bibi.

Mwanao,
Corinne


Chéticamp, 6 Oktoba 2023

Corinne mwanangu,

Barua yako ilifika Alhamisi pamoja na upepo wa milimani. Ulikuwa mkali kweli. Uling'oa paa la banda la jirani yangu Alphonse ukalilaza bustanini kwangu, tena limekaa vizuri kuliko lilipokuwa. Asubuhi akaja kofia mkononi: "Léonie, nimefuata paa langu." Nikamwambia chukua, ila kabichi zilizo chini yake utazila wewe. Mpaka leo anazila. Goti liko palepale. Wasalimie wazazi wako, na baba yako umwambie rangi haikauki kwa kutazamwa.

Umeuliza tulifanyaje. Mashine yangu ilikuwa na kichwa cha chuma, mviringo kama yai dogo, herufi zote zimeuzunguka mwili wake. Herufi za kawaida zina kichwa chake, za Kigiriki na alama za hesabu zina kingine. Unachapa maneno, unatoa kichwa, unaweka kingine, unachapa alama moja, unatoa, unarudisha cha kwanza. Mlinganyo mmoja mrefu uliweza kunifanya nibadilishe vichwa mara ishirini. Nilifanya bila kutazama, huku natafuna biskuti. Kurasa nane kwa siku ilikuwa siku njema. Ukikosea mstari wa mwisho, ukurasa mzima unaanza upya. Kwa hiyo nilipofika pale kwenye vinyota vyako viwili nilicheka peke yangu jikoni. Si kwa dharau. Nilifurahi kwa ajili ya vidole vya watu.

Sasa nisikilize. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu lugha hii na hujaniambia unafanya nayo nini. Mtu hasifu nyundo namna hiyo bila kuwa amepigilia kitu. Umepigilia nini?

Asante kwa kuniuliza mambo ya kazi. Tangu nirudi huku watu huniuliza habari za mazulia ninayofuma, basi.

Shangazi yako,
Léonie


Halifax, 12 Novemba 2023

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama amepika mchuzi wa kuku na viazi kwa maelekezo yako, na baba amesema umekaribia wako, jambo ambalo mama bado hajamsamehe. Nakuombea goti.

Umenijua kama kawaida. Nimepigilia kitu, na wewe ndiye mtu wa pili kujua. Nilikaa wiki tatu chumbani kwangu nikaandika kiolezo cha chuo upya kwa ile lugha nyepesi. Nilifuata kijitabu cha kanuni, kanuni moja baada ya nyingine. Vichwa, namba, orodha, marejeo, pambizo. Kimetoka mistari themanini na sita, Shangazi. Siku ya kwanza kukijaribu nilisimama katikati ya chumba nikiwa nimeshika mashavu.

Nilimpa Isla. Alikuwa amekwama wiki sita na kiolezo cha zamani, hasa kwa sababu mwaka huu maktaba imeamua nakala za kujalidiwa zichapwe pande zote mbili za karatasi. Alihamisha kazi yake yote kwa siku nne. Akawapa wenzake sita, hilo sikulijua mpaka baadaye. Tasnifu zote saba zimepita mezani kwa Bi. Zwicker. Yeye hupima nakala yake iliyochapwa upande mmoja, kama alivyozoea. Alipomaliza ya Isla alirudisha rula mfukoni na kusema, "Hatimaye kazi safi. Huyu binti kalelewa na nani?"

Kanuni inasema kiolezo kitolewe na ofisi, na mimi si ofisi. Nitamwambia muda wa majaribio ukiisha. Nadhani nitamwambia.

Nakuwekea karatasi moja kutoka kwenye nakala ya Isla, ukurasa wa 45 mbele na 46 nyuma, uone milinganyo ilivyokaa. Nakushukuru. Nilipokuwa nakiandika nilikuwa nakuwaza na vile vichwa vyako vya chuma, na kila nilipochoka nikawa naona aibu kuchoka.

Hukunijibu kuhusu kuacha kazi.

Corinne wako


Chéticamp, 19 Desemba 2023

Corinne,

Nilikuwa Moncton mwezi mzima kwa dada yangu Berthe aliyevunjika mkono. Anaendelea vizuri na analalamika vizuri. Barua yako nimeikuta jana mlangoni. Simu za huku zimekatika tangu upepo wa Jumatatu, yangu na ya Alphonse, ndiyo maana naandika haraka, na yeye ataipeleka posta njia ikifunguka.

Kazi yako ni nzuri mno. Milinganyo imekaa kama mayai kwenye trei. Hilo nalisema kwanza kwa sababu ni kweli.

Lakini nimeishika karatasi yako kwenye mwanga wa dirisha, kama tulivyokuwa tukifanya. Maneno ya mbele na ya nyuma hayalaliani. Yanapaswa kufunikana sawasawa. Mwanangu, mashine umeiambia pambizo pana liwe kushoto, nayo imetii kwenye kila ukurasa. Ulipaswa kuiambia liwe ndani. Ukurasa wa mbele, ndani ni kushoto. Ukurasa wa nyuma, ndani ni kulia. Zikijalidiwa hivi, kila ukurasa wa nyuma utamezwa.

Zuia mjalidi. Krismasi njema, lakini kwanza zuia mjalidi.

Léonie


Halifax, 9 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Asante kwa barua, na heri ya mwaka mpya kutoka kwa sote. Pole kwa shangazi Berthe. Barua yako imefika tarehe tatu. Usijilaumu hata kidogo; hata simu ingefanya kazi siku ileile, tungekuwa tumechelewa. Zilikuwa zimejalidiwa wiki moja kabla.

Zimerudi jana katika masanduku, nyekundu iliyoiva, majina kwa dhahabu. Isla alikuja kuchukua yake akiwa na mama yake. Mama akasema, "Fungua, nione." Akafungua katikati. Kurasa za kulia ni nzuri. Za kushoto, mwisho wa kila mstari umeingia kwenye gundi. Ukivuta kwa nguvu unaona herufi mbili zaidi, kisha uti wa kitabu unalia.

Bi. Zwicker akaitwa. Akafungua ya pili, ya tatu, zote saba. Hapo ndipo akauliza, na Isla akakiri hakutumia kiolezo cha ofisi.

"Hiki kiolezo umekipata wapi?"

"Nilikipata."

"Ulikiokota barabarani?"

"Nilikipata tu."

Isla hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama dirisha. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo nimeshika mashine ya kubania karatasi, na niliendelea kuishika.

Sasa ni hivi. Tasnifu iliyotengenezwa kwa kiolezo kisicho cha ofisi lazima iende kwenye kamati. Kamati inakaa Aprili mwishoni. Orodha ya mahafali ya Mei inafungwa kabla ya hapo. Isla amepewa kazi katika kituo cha utafiti wa bahari, anatakiwa kuanza Juni akiwa na shahada mkononi, vinginevyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Wale sita nao wana mambo yao.

Kosa ni langu peke yangu. Nikisema, majaribio yangu yanaishia hapo. Sijasema. Siku nzima imepita na sijasema.

Sikuombi ushauri. Nakueleza tu, kwa sababu siwezi kukaa nalo peke yangu.

Corinne


Chéticamp, 22 Januari 2024

Corinne mwanangu mpendwa,

Salamu. Goti, theluji na Alphonse viko palepale. Leo sina habari nyingine.

Umeniuliza mara mbili kwa nini niliacha kazi. Baba yako anasema nilirudi kumuuguza mama. Mama alikuwa mzima kabisa, akifagia theluji mwenyewe mpaka barabarani na kuwatukana madereva.

Mwaka 1986 nilimchapia tasnifu mwanafunzi anayeitwa Gerard Boutilier. Kijana mpole kutoka kwenye mashamba ya matofaa, kila wiki aliniletea mfuko mmoja. Ukurasa wa themanini na nane kulikuwa na mistari miwili inayoishia kwa alama ileile. Jicho langu lilitoka kwenye wa kwanza likarukia wa pili, nikauacha mstari mzima. Yeye hakuona pengo alipopitia. Wenyewe hawaoni, husoma kilichomo kichwani. Kwenye mtihani wake msomi mmoja mgeni akasema uthibitisho una shimo katikati.

Alikuja kwangu kesho yake. Akasema, "Léonie, hebu niangalizie. Ule mstari ulikuwepo kwenye mswada wangu?" Nikamwambia, "Nimechapa ulichoandika." Mswada wake ulikuwa kwenye droo yangu ya pili. Nilikuwa nimeufungua na kuuona mstari kabla hajabisha hodi.

Alinitazama kidogo. Akasema, "Basi, asante kwa kazi yako," akaondoka. Angeweza kudai afungue droo. Hakudai. Waliomtahini hawakumwongezea muda, akaenda magharibi kupima ardhi. Nilikaa miezi minane zaidi na ile droo, kisha nikarudi huku, nikawaacha watu waseme ni kwa ajili ya mama. Lilikuwa jambo zuri la kusemwa.

Sikuambii la kufanya, sina mdomo wa kukuambia. Nakushukuru kwa kunieleza ukiwa bado hujajua utafanya nini. Hakuna mtu aliyewahi kunipa heshima hiyo.

Shangazi yako


Halifax, 24 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Naandika bila kusubiri barua yako, na salamu za nyumbani nitazileta siku nyingine.

Leo nilisubiri mpaka wenzangu waende kula. Nikasimama mbele ya meza ya Bi. Zwicker.

"Kiolezo nilikiandika mimi."

Aliendelea kupima. "Kiolezo gani?"

"Kile."

Rula ikasimama. "Wewe? Wewe unayeniomba ruhusa ya kufungua dirisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mistari mingapi?"

"Themanini na sita."

"Themanini na sita," akarudia polepole. "Na katika yote hiyo, ukaenda kuandika kushoto."

"Niliandika kushoto."

"Corinne! Hata mtoto anayejishonea daftari anajua!" Aliinuka, akatembea mpaka kabatini, akarudi na zile fomu saba za kupitisha. Alizitandaza mezani. Kila moja ilikuwa na sahihi yake. Akakaa. "Nazo hizi nimetia sahihi mimi. Saba. Miaka kumi na tisa napima upande mmoja wa karatasi, na mwaka ambao tumeanza kuchapa pande mbili, nimepima upande mmoja." Kisha akauliza, "Nani aligundua?"

"Shangazi yangu. Aliushika ukurasa dirishani."

"Anaishi wapi huyo shangazi?"

"Chéticamp."

"Mpe salamu zangu. Na mwambie simpendi."

Mchana huohuo tulikwenda wawili kwa mkuu wa masomo ya juu. Nilisema yangu na yeye akasema yake, na yake aliisema kwa sauti kubwa kuliko yangu. Imeamuliwa kosa ni la ofisi, si la wanafunzi, kwa hiyo tasnifu hazitakwenda kwenye kamati. Nilirekebisha kiolezo palepale: nikafuta kushoto na kuandika ndani. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mjalidi atazimaliza kabla ya katikati ya Machi. Isla na wale sita wako kwenye orodha ya Mei.

Mimi nimepewa barua ya onyo, itakaa kwenye faili langu. Majaribio yameongezwa mpaka Krismasi. Kiolezo kimesimamishwa hadi kikaguliwe, na wa kukikagua ni Bi. Zwicker. Kila Jumanne nitakaa karibu naye nimsomee mstari kwa mstari na kumweleza kila mmoja unafanya nini. Nimeshaanza kuiogopa Jumanne.

Isla alinikuta kwenye ngazi. "Nisingekutaja, ujue," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimesema mwenyewe."

Akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda.

Asante, Shangazi. Usingeishika ile karatasi dirishani, ningejitetea kwamba ni mjalidi aliyekosea, na nahisi ningeaminiwa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko barua ya onyo.

Mwanao,
Corinne


Chéticamp, 13 Februari 2024

Corinne mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Nilipoona mwandiko wako nilidhani ni jibu la ile yangu, nikaogopa kuifungua, nikaizunguka mezani asubuhi nzima kama paka. Kumbe ulikuwa hujaisoma. Ulifanya ulilofanya bila kusikia lolote kutoka kwangu, na kwa hilo nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Ningechukia uamini kwamba nilikusukuma.

Salamu za Bi. Zwicker nimezipokea. Mwambie na mimi simpendi, na aje kiangazi, nitampikia. Jumanne usiiogope. Anayekuuliza mstari kwa mstari anataka kujifunza, ila ni mtu mzima, hawezi kusema hivyo.

Nilikuambia mswada wa Gerard ulikuwa kwenye droo. Sikukuambia kwamba niliondoka nao. Miaka yote umekuwa chini ya sanduku la sufi zangu za mazulia. Baada ya kusoma barua yako nilipiga simu kule kwao kwenye mashamba ya matofaa, nikatafuta mtu wa ukoo wake. Nilimpata binamu mmoja, mzee mwenye maneno mengi. Gerard yuko hai. Anaishi Red Deer, Alberta, mke wake amefariki, ana wajukuu watatu. Binamu alisema bado anafanya hesabu asubuhi kabla ya chai, za kujifurahisha tu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, "Mpiga chapa wake."

Nimeutoa ukurasa ule kwenye mswada, wenye mwandiko wake na mstari wake. Nilidhani nitamwandikia barua ndefu. Niliandika tatu nikazichana. Iliyobaki ina maneno haya: *Mstari ulikuwepo. Niliuona siku ileile uliponiuliza. Léonie Aucoin.* Na anwani yangu chini, kama akitaka kuitumia.

Posta hufunguliwa saa tatu. Mimi saa mbili na nusu nilikuwa nimesimama mlangoni kwenye theluji. Yule binti wa posta alipofika na funguo akashangaa. "Bibi Léonie, leo kuna haraka gani?"

Nikamwambia afungue tu, barua imechelewa miaka thelathini na minane.

Shangazi yako anayekushukuru,
Léonie